Ron Barassi: kila alipohama, kanuni zilihama naye

Tuanze na matokeo ya mechi moja, maana hapo ndipo wengi wanaokutana na mpira wa Kiaustralia kwa mara ya kwanza hukwama. Fainali kuu ya Septemba 1968, jijini Melbourne: Carlton 7.14 (56), Essendon 8.5 (53). Essendon wamefunga magoli manane, Carlton saba. Bingwa ni Carlton.

Hakuna aliyekosea hesabu. Kila mwisho wa uwanja kuna nguzo nne zilizosimama wima, bila mwamba wa juu wala wavu. Mpira ukipigwa kwa mguu ukapita kati ya nguzo mbili ndefu za katikati, hilo ni goli, na goli lina alama sita. Ukipita kati ya nguzo ndefu na ile fupi ya pembeni, unapata alama moja, kifuta jasho cha aliyekosa kwa karibu. Tarakimu ya kwanza basi ni magoli, ya pili ni hizo alama za pembeni, na iliyo kwenye mabano ni jumla. Siku ile Carlton walikosa mara nyingi, ila walikosa kwa karibu, na vifuta jasho 14 vikawapa ubingwa kwa tofauti ya alama tatu. Ilikuwa mara ya kwanza katika fainali kuu ya ligi ile kwa bingwa kuwa na magoli machache kuliko aliyeshindwa.

Kocha wa Carlton siku hiyo aliitwa Ronald Dale Barassi. Mtu akiniomba nimweleze mchezo huu, sianzi na kitabu cha sheria. Ninamsimulia maisha ya huyu bwana, kwa sababu kila alipohamia, kuna kanuni ilikuwa imetungwa, imelegezwa au imevunjwa ili hatua hiyo iwezekane. Wapo waliocheza vizuri kuliko yeye, na wapo makocha waliotwaa mataji mengi zaidi. Sijaona mwingine ambaye njia yake inapita katika kila fundo la mchezo huu.

Kwanza uwanja wenyewe. Ni wa umbo la yai, mkubwa kuliko wa soka, kwa sababu mchezo ulizaliwa kwenye viwanja vya kriketi. Sheria zake za kwanza ziliandikwa Melbourne mwaka 1859. Kila timu ina watu 18. Hakuna kuotea. Mpira ni wa mviringo mrefu na unashikwa kwa mikono, lakini kuurusha ni kosa: ama unaupiga teke, ama unaulaza juu ya kiganja kimoja na kuusukuma kwa ngumi ya mkono wa pili. Ukikimbia nao lazima uudundishe au uuguse chini kila baada ya mita 15 hivi. Na ukiudaka hewani mpira uliopigwa teke na mwenzako, au hata na mpinzani, mchezo unasimama na unapewa nafasi ya kupiga bila kubughudhiwa. Ndiyo maana utawaona wanaume wakiruka hadi magoti yapande mabegani mwa wenzao.

Chumba cha uani

Baba yake Barassi, naye akiitwa Ron, aliichezea klabu ya Melbourne na alikuwemo kwenye kikosi kilichotwaa ubingwa wa 1940. Tarehe 31 Julai 1941 aliuawa vitani Tobruk, Libya. Mwanawe, aliyezaliwa 27 Februari 1936 katika mji mdogo wa Castlemaine, jimbo la Victoria, alikuwa na miaka mitano.

Wenzake wa marehemu hawakumsahau mjane. Walimshika mkono yeye na mtoto, na mmoja wao, Norm Smith, alifanya zaidi ya hapo. Mama alipoolewa tena na kuhamia Tasmania, kijana alitaka kubaki Melbourne ili aje acheze alikocheza baba yake. Smith, ambaye mwaka 1952 alikuwa amekabidhiwa ukocha wa Melbourne, akampa chumba cha uani nyumbani kwake. Kwa hiyo kocha wake alikuwa pia mlezi wake. Waliagana uwanjani jioni na kukutana tena mezani.

Lakini kulikuwa na kikwazo. Ligi ya Victoria, iliyoanza kuchezwa 1897, ilikuwa kimsingi ligi ya mitaa ya jiji moja. Carlton, Collingwood, Richmond, Essendon: yote haya ni majina ya mitaa ya Melbourne. Kila klabu ilimilikishwa eneo, na kijana aliyekulia katika eneo hilo alihesabiwa kuwa wa klabu hiyo, apende asipende. Barassi, kwa mahali alipokulia, hakuwa wa klabu ya Melbourne. Carlton na Collingwood zote zilimtaka. Klabu ya Melbourne ikasukuma ndani ya ligi, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikapatikana kanuni ya baba na mwana: mtoto wa mchezaji wa zamani anaweza kujiunga na klabu ya baba yake hata kama anaishi kwenye eneo la wengine.

Kanuni hiyo ipo hadi leo, ingawa imebadilishwa mara nyingi, na ni moja ya mambo yanayowachanganya wageni: vipi ligi ya kulipwa inaruhusu mchezaji kurithiwa kama shamba? Asili yake ni mtoto aliyefiwa na baba vitani na klabu iliyoona ina deni kwake. Kwa masharti ya sasa, baba anatakiwa awe amecheza mechi 100 za klabu hiyo. Baba yake Barassi hakufikisha hata 60. Sheria iliyomfungulia mlango mwanawe, kama ingekuwa na masharti ya leo, ingemfungia nje.

Mwaka 1953 akaingia uwanjani akiwa amevaa namba 31, namba ya baba yake.

Kazi ambayo haikuwepo

Misimu ya kwanza Smith hakujua amweke wapi. Ili kuelewa tatizo lake, tazama mchezo ulivyokuwa ukianza siku zile. Mwamuzi aliudundisha mpira katikati ya uwanja ukaruka juu sana, na warefu wawili, mmoja kila upande, wakauruka ili waugonge kwa mkono kuelekea kwa wenzao. Mrefu huyo anaitwa raki. Chini yake anazunguka mtu mfupi mwepesi, rova, anayeokota mpira unaodondoka na kutoweka nao. Palikuwa na wa tatu katika kundi hilo, raki wa pili, kwa kawaida mrefu mwingine mzito wa kumsaidia yule wa kwanza.

Barassi alikuwa na kimo cha sentimita 179. Mfupi mno kwa uraki, mzito mno kwa urova. Lakini alikuwa na mapafu ya farasi na hakuogopa kugongana. Smith akaamua kutupilia mbali desturi ya raki wa pili na kumpa kijana nafasi hiyo, na asiruke kama raki wala asisubiri kuokota kama rova, afuate mpira popote unapokwenda, aingie kwenye msongamano, autoe, apige mbele. Nafasi hiyo ikaitwa raki-rova. Leo jina limechakaa, lakini kazi yenyewe ndiyo moyo wa mchezo: viungo wote wakubwa wenye nguvu unaowaona sasa wanakula mkate uliopikwa kwa ajili ya kijana mmoja asiyefaa kwenye nafasi zilizokuwepo.

Matunda yalikuja haraka. Melbourne walitwaa ubingwa 1955, 1956, 1957, 1959, 1960 na 1964, na Barassi alikuwemo katika yote sita. Miwili ya mwisho akiwa nahodha. Mwaka unaokosekana, 1958, una kisa chake. Melbourne walikuwa wanatafuta ubingwa wa nne mfululizo, jambo ambalo Collingwood peke yao ndio waliokuwa wamelifanya, kuanzia 1927 hadi 1930. Fainali ikawakutanisha na Collingwood hao hao. Collingwood wakawapa wachezaji wao kazi ya kumchokoza Barassi, kumgonga na kumvuta jezi hadi apandwe na hasira. Alipandwa. Alianza kupigana na watu badala ya kucheza mpira, Melbourne wakapoteza kwa alama 18, na rekodi ya Collingwood ikabaki salama. Naamini mechi hiyo ilimfundisha Barassi kuliko ushindi wowote, kwa kuwa kocha aliyekuja kuwa alikuwa mtu wa kudai nidhamu kwa ukali uliowatisha wachezaji wake.

Kuvuka mtaa

Septemba 1964 Melbourne waliwashinda Collingwood 8.16 (64) kwa 8.12 (60). Barassi, nahodha, akainua kombe. Kabla mwaka haujaisha, alikuwa kocha mchezaji wa Carlton.

Ni vigumu kumweleza msomaji wa leo, aliyezoea kuona nyota wakibadili jezi kila dirisha la usajili, jinsi habari ile ilivyolikata jiji. Nahodha bingwa hakuhama, hasa huyu: mtoto wa marehemu wa klabu, aliyelelewa na kocha wa klabu, aliyeletwa kwa kanuni iliyosukumwa na klabu. Malipo ya wachezaji yalikuwa yamebanwa na kanuni ya ligi tangu 1930, kwa hiyo watu waliamini kwamba kinachomweka mchezaji mahali ni mapenzi. Mashabiki wa Melbourne walimwona Barassi kama mwana aliyeuza nyumba ya baba yake.

Naye alikuwa na sababu. Alikuwa na miaka 28, alitaka kufundisha, na ukocha wa Melbourne ulikuwa wa mtu aliyemlea. Angeupataje bila kumsukuma baba mlezi nje? Carlton, chini ya mwenyekiti mpya George Harris, walikuwa wamemaliza 1964 katika nafasi ya 10 kati ya timu 12, mahali pabaya kuliko popote walipowahi kufika. Walihitaji mtu wa kuwatikisa, na wakampa madaraka yote. Mimi ninamwelewa. Kuna wakati mtu huondoka nyumbani kwa sababu anawaheshimu mno waliomo.

Yaliyofuata Melbourne yalizidisha uchungu. Katikati ya msimu wa 1965 uongozi ulimfukuza Norm Smith, kisha ukamrudisha baada ya siku chache, lakini chombo kilikuwa kimeshapasuka. Klabu iliyotwaa mataji sita ndani ya miaka 10 ikaingia kwenye ukame ambao wengi waliouona ukianza hawakuishi kuona mwisho wake.

Mapumziko ya 1970

Carlton chini ya Barassi walitwaa ubingwa wa 1968 kwa hesabu ile tuliyoanza nayo, wakapoteza fainali ya 1969 kwa Richmond, na mwaka 1970 wakakutana na Collingwood katika mechi ambayo Waaustralia bado wanaisimulia kana kwamba ilichezwa jana.

Watu 121,696 waliingia uwanja mkubwa wa kriketi wa Melbourne siku hiyo. Idadi hiyo haijawahi kufikiwa tena katika mechi yoyote ya mpira wa Kiaustralia. Robo ya pili Alex Jesaulenko wa Carlton, kijana aliyezaliwa Salzburg, Austria, na kufika Australia na wazazi wake kama wahamiaji, alipanda mgongoni kwa Graeme Jenkin wa Collingwood akadaka mpira juu kabisa, mwili wote hewani. Picha ya mdako huo ndiyo ambayo watu huikumbuka. Lakini ubao haukujali: mapumziko yalipofika, Carlton walikuwa nyuma kwa alama 44. Hayo ni magoli saba na ziada. Hakuna timu iliyokuwa imetoka mbali hivyo na kushinda fainali.

Barassi aliwakuta wachezaji wake chumbani wamekaa vichwa vimeinama. Alifanya mambo mawili. Alimtoa Bert Thornley na kumwingiza Ted Hopkins, kijana mwembamba aliyekuwa amekaa akiba. Kisha akawaamuru waache kupiga mateke marefu ya kubahatisha kuelekea mbele, mpira ambao warefu wa Collingwood walikuwa wakiudaka watakavyo. Watoe kwa ngumi. Ukiwa na mpira na mwenzako yuko mita nne pembeni, mpe kwa ngumi, ukimbie upewe tena. Hata mkiwa mbele ya goli lenu wenyewe, mahali ambapo kila kocha wa zamani alikataza jambo hilo, toeni kwa ngumi.

Hopkins alifunga magoli mawili dakika za mwanzo tu za robo ya tatu, na akamaliza na manne. Hadi mwisho wa robo hiyo pengo lilikuwa limeshuka kutoka 44 hadi 17. Collingwood, walioandaliwa kwa mchezo wa teke na mdako, walijikuta wanakimbilia mpira ambao ulishaondoka. Carlton wakashinda 111 kwa 101.

Hapa kuna fundo moja la kufungua. Husemwa mara nyingi kwamba pasi ya ngumi ilizaliwa katika mapumziko yale. Si kweli, na kusema hivyo ni kuwanyima haki wengine. Graham Farmer, mwana wa Wanoongar wa Australia Magharibi aliyeichezea Geelong kuanzia 1962, alikuwa ameshaigeuza pasi ya ngumi kuwa silaha; alijizoeza kwa kuupitisha mpira kwenye dirisha la gari lililo wazi, tena na tena, hadi mkono ujue umbali wenyewe. Len Smith, kaka wa Norm, alikuwa kocha aliyehubiri mchezo wa kukimbia na kupasiana kabla ya Barassi. Alichofanya Barassi ni kuichukua mbinu iliyoonekana ya hatari na kuifanya amri, katika saa ambayo hakukuwa na la kupoteza, mbele ya umati mkubwa kuliko wowote. Baada ya siku ile hakuna kocha aliyeweza kusema haiwezekani.

Hopkins, kwa taarifa yako, hakucheza mechi nyingi baada ya hapo. Miaka mingi baadaye alianzisha Champion Data, kampuni inayohesabu kila teke, kila pasi ya ngumi na kila mdako wa ligi. Mtu wa akiba aliyeingia wakati mchezo unageuka ndiye aliyekuja kuwafundisha Waaustralia kuupima mchezo wao kwa takwimu.

Dirisha la mwaka mmoja

Barassi aliondoka Carlton mwishoni mwa 1971. North Melbourne, walioingia ligi 1925 na hawajawahi kutwaa ubingwa hata mara moja, walimaliza 1972 wakiwa mkiani na ushindi mmoja. Wakamwita.

Wakati huo huo ligi, ikihofia kwamba mahakama zingesema mfumo wake wa kuwafunga wachezaji ni kizuizi cha haki ya mtu kufanya kazi, ilitoa kanuni mpya: mchezaji aliyeitumikia klabu miaka 10 anaweza kuondoka bila kuomba ruhusa. North Melbourne walikuwa tayari na fedha. Wakawachukua Barry Davis kutoka Essendon, Doug Wade kutoka Geelong na John Rantall kutoka South Melbourne. Klabu nyingine zilipiga kelele na kanuni ikafutwa mwaka 1973, lakini samaki walikuwa wameshaingia kikapuni. Mwaka 1975 North Melbourne waliwafunga Hawthorn kwa alama 55 na kupata ubingwa wao wa kwanza baada ya nusu karne ya kusubiri.

Walicheza fainali kuu tano mfululizo, kuanzia 1974 hadi 1978. Ile ya 1977 ilihitaji siku mbili: walikuwa nyuma kwa alama 27 mbele ya Collingwood ikiwa imebaki robo moja, wakapindua, kisha dakika ya mwisho Collingwood wakasawazisha, 76 kwa 76. Siku zile sare ya fainali ilimaanisha kurudiana wiki inayofuata. North Melbourne wakashinda marudiano kwa alama 27. Barassi sasa alikuwa na mataji 10: sita akiwa mchezaji wa Melbourne, manne akiwa kocha wa klabu mbili tofauti.

Hofu ya ligi kuhusu mahakama ilitimia miaka michache baadaye. Mwaka 1983 mchezaji kijana, Silvio Foschini, aliyekataa kuhama pamoja na klabu yake, alishinda kesi katika Mahakama Kuu ya Victoria. Mfumo wa zamani ukaanguka. Ule mlango ambao Barassi aliupita 1964 huku jiji zima likimlaani, sasa ulikuwa haki ya kila mtu.

Kurudi nyumbani

Mwaka 1981 alirudi Melbourne. Mashabiki walewale waliomwita msaliti walimpokea kama mkombozi. Msimu wa kwanza timu ilishinda mechi moja. Alikaa miaka mitano na hakuwafikisha hatua ya mtoano hata mara moja.

Wengi huruka kipindi hiki. Mimi nakipenda. Barassi alikuwa ametazama soka ya Kigaeli ya Ireland, ambako mpira pia hushikwa na kupigwa, akajiuliza kwa nini wachezaji wasitafutwe huko. Klabu ikatangaza nafasi katika magazeti ya Ireland. Mwaka 1984 akaja Jim Stynes wa Dublin, mrefu, asiyejua hata mpira usio wa duara unadundaje. Alijifunza. Mwaka 1987 alifanya kosa ambalo kila Mwaustralia analijua: katika nusu fainali dhidi ya Hawthorn, sekunde za mwisho, alikatiza mbele ya mpigaji na kumpa Gary Buckenara mita 15 za ziada, king'ora kikalia, Buckenara akafunga, Melbourne wakatoka. Stynes angeweza kurudi kwao. Badala yake alicheza mechi 244 bila kukosa hata moja, rekodi ya ligi, na mwaka 1991 alipewa nishani ya Brownlow ya mchezaji bora. Wakati huo Barassi hakuwa kocha tena, na ubingwa haukuwa umerudi. Lakini mlango alioufungua haukuwahi kufungwa. Waireland wanaendelea kuja hadi leo.

Mstari wenye jina lake

Mwaka 1978 mwanahistoria Ian Turner, katika mhadhara wa kila mwaka alioubatiza kwa utani Mhadhara wa Kumbukumbu ya Ron Barassi wakati Barassi yuko hai na mzima, aliigawa Australia kwa mstari mmoja. Mstari huo unateremka kutoka kaskazini hadi Cape Howe, pale mpaka wa New South Wales na Victoria unapoigusa bahari. Kusini na magharibi yake watu ni wa mpira wa Kiaustralia. Kaskazini mashariki yake, Sydney na Brisbane zikiwemo, ni watu wa raga. Mpaka leo wachambuzi wanauita Mstari wa Barassi.

Mwaka 1982 South Melbourne, wakiwa na madeni, walihamishiwa Sydney, upande wa pili wa mstari huo. Kufikia 1993 walikuwa katika mfululizo wa kupoteza mechi 26. Kocha wao alikuwa Gary Buckenara, yuleyule wa king'ora cha 1987. Walipomwondoa katikati ya msimu, ligi ilihitaji mtu ambaye jina lake lingewafanya watu wa Sydney wageuze shingo. Barassi, akiwa na miaka 57, akaenda.

Hakutwaa chochote huko. Timu ilishika mkia 1993 na 1994. Ila alipoondoka mwishoni mwa 1995 alikuwa na Tony Lockett mbele na Paul Roos nyuma, na nahodha Paul Kelly amepata Brownlow. Mwaka uliofuata timu ile ilicheza fainali kuu. Mwaka 2005, Roos akiwa kocha, ikatwaa ubingwa wa kwanza tangu 1933. Leo ligi ina klabu nne upande ule wa mstari: mbili Sydney na viungani mwake, moja Brisbane, moja Gold Coast.

Na sisi tuna mtu wetu hapo. Aliir Aliir alizaliwa mwaka 1994 Kakuma, kambi ya wakimbizi kaskazini magharibi mwa Kenya, kwa wazazi wa Sudan Kusini. Familia ilipelekwa Brisbane, yaani upande wa raga. Baadaye akahamia Perth, na mwaka 2013 akachaguliwa na Sydney. Alihamia Port Adelaide mwishoni mwa 2020, na msimu wa 2021 akaingia kikosi bora cha Australia nzima kama beki. Mtoto wa Kakuma ameuvuka mstari wa Barassi kwenda na kurudi, akipitia klabu ambayo Barassi aliikuta inazama.

Septemba mbili

Melbourne walisubiri miaka 57. Septemba 2021, jiji likiwa limefungwa kwa sababu ya korona, fainali kuu ilichezwa Perth na Melbourne wakawashinda Western Bulldogs 140 kwa 66. Mchezaji bora wa fainali hupewa nishani yenye jina la Norm Smith, na aliyeipata ni Christian Petracca, kiungo mnene wa kifua anayeingia kwenye msongamano, anautoa mpira na kwenda nao. Yaani mtu wa kazi ile iliyobuniwa kwa ajili ya mpangaji wa chumba cha uani. Barassi alikuwa hai, na umri wa miaka 85.

Alifariki tarehe 16 Septemba 2023, katikati ya hatua ya mtoano. Wiki mbili baadaye fainali kuu ilichezwa kwenye uwanja ambao sanamu yake imesimama nje. Matokeo yakaandikwa ubaoni: Collingwood 12.18 (90), Brisbane 13.8 (86). Brisbane walikuwa na goli moja zaidi. Kombe lilikwenda Collingwood.